Chichén Itzá, Uxmal, Cobá au Tulum: Uende Wapi Ukiwa na Siku Moja tu ya Kuyaona Magofu ya Wamaya

Msafiri anayepata wiki moja katika rasi ya Yucatán, kusini-mashariki mwa Meksiko, mara nyingi hutenga siku moja tu kwa ajili ya magofu ya Wamaya, watu wa asili wa eneo hilo, na siku hiyo huamuliwa na picha aliyoizoea. Picha hiyo karibu daima ni ya piramidi kubwa ya Chichén Itzá. Sina nia ya kuipinga piramidi hiyo, kwa maana inastahili sifa zake. Hata hivyo, ninaamini kwamba uamuzi huu huanzia mahali pasipofaa. Maswali mawili yanapaswa kutangulia umaarufu: utalala wapi usiku wa kuamkia safari, na utafika langoni saa ngapi? Mtu aliyeyajibu maswali hayo vizuri anaweza kurudi na siku njema kutoka gofu lolote kati ya manne ninayoyalinganisha hapa, na mtu aliyeyapuuza anaweza kusafiri saa tano au sita, kwenda na kurudi, ili asimame juani katikati ya umati na kuondoka bila kuelewa alichokiona.

Magofu hayo manne yamo katika majimbo mawili. Chichén Itzá na Uxmal yamo katika jimbo la Yucatán, ambalo mji wake mkuu ni Mérida. Cobá na Tulum yamo katika jimbo la Quintana Roo, lenye pwani ya Karibiani na miji ya hoteli kama vile Cancún na Playa del Carmen. Kutoka Cancún hadi Chichén Itzá ni takribani kilomita 200, yaani mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Kutoka Mérida ni takribani kilomita 120. Uxmal iko kilomita 80 hivi kusini mwa Mérida, lakini kutoka Cancún ni zaidi ya saa nne, umbali ambao hauwezi kuitwa safari ya siku moja kwa mtu anayejali mwili wake. Tulum iko kilomita 130 hivi kusini mwa Cancún, na Cobá iko ndani ya msitu, mwendo wa kilomita 45 kutoka Tulum.

Kabla ya kwenda mbali zaidi, kuna jambo moja la saa ambalo wageni wengi hulijua wakiwa wamekwisha kuchelewa au kuwahi. Quintana Roo iko mbele ya Yucatán kwa saa moja. Kwa hiyo anayetoka Cancún saa 12 asubuhi kwenda Chichén Itzá hufika ikiwa saa 1 na nusu kwa saa za huko, wakati lango hufunguliwa saa 2. Saa hiyo moja ni zawadi, na atakayeitumia atakuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia. Jioni zawadi hiyo hudaiwa, kwa kuwa ukirudi pwani unaipoteza. Ukiwa na ndege au miadi Cancún, hesabu kwa saa za Cancún tangu mwanzo.

Chichén Itzá na Uxmal: ukubwa dhidi ya ufundi

Chichén Itzá iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1988, na mwaka 2007 ikapigiwa kura kuwa mojawapo ya maajabu saba mapya ya dunia. Tangu hapo idadi ya wageni imepanda hadi kupita milioni mbili katika miaka mingi. Ukitazama piramidi ya Kukulcán, mungu-nyoka wa Wamaya, piramidi ambayo Wahispania waliiita El Castillo, yaani ngome, utaelewa sababu. Ina vidato tisa na kimo cha mita 30 ukihesabu pamoja na hekalu lililo juu. Kila upande kati ya pande nne una ngazi zenye vipandio 91, na ukijumlisha kipandio kimoja cha mwisho cha kuingilia hekaluni unapata 365, idadi ya siku za mwaka. Ni kalenda iliyojengwa kwa mawe, na waliojenga hawakuwa na zana za chuma wala wanyama wa kubeba mizigo.

Siku ambazo mchana na usiku hulingana, mwezi Machi na mwezi Septemba, jua la alasiri huangusha kivuli cha vidato kwenye ukingo wa ngazi za kaskazini, na pembetatu za mwanga hujipanga kuteremka hadi kwenye kichwa cha nyoka kilichochongwa chini kabisa. Wengi hupanga safari zao kwa ajili ya tukio hilo. Mimi nisingelichagua kwa safari ya siku moja. Umati wa siku hizo ni mkubwa mno, kivuli hutokea alasiri wakati uchovu umekwisha kumkaa mtu, na mawingu yanaweza kufuta kila kitu. Isitoshe, kivuli hicho huonekana pia siku chache kabla na baada ya tarehe yenyewe, ambapo nafasi ya kusimama hupatikana kwa urahisi zaidi.

Piramidi si yote yaliyopo Chichén Itzá, ingawa wageni wa mabasi mara nyingi hupewa muda wa kuiona hiyo na machache mengine tu. Uwanja wa mchezo wa mpira una urefu wa mita 168 na upana wa mita 70, na ndio mkubwa kuliko viwanja vyote vya aina hiyo vinavyojulikana katika Amerika ya Kati ya kale. Kwenye kuta zake ndefu kuna pete za mawe zilizowekwa juu sana, na chini yake kuna michoro ya kuchongwa inayoonyesha mchezaji aliyekatwa kichwa, damu ikimtoka shingoni kwa umbo la nyoka. Kuna El Caracol, mnara wa duara ambao madirisha yake yanahusishwa na uchunguzi wa sayari ya Zuhura. Kuna Hekalu la Mashujaa na safu zake za nguzo. Na kuna Senote Takatifu, shimo kubwa la maji lenye upana wa mita 60 hivi, ambalo humo Wamaya walitupa sadaka za dhahabu, jade na uvumba, na binadamu pia. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani Edward H. Thompson alilinunua shamba lililoizunguka ardhi hiyo, akaichimbua senote kwa mashine na kupeleka sehemu kubwa ya vitu alivyovipata katika Jumba la Makumbusho la Peabody, Chuo Kikuu cha Harvard. Baadhi tu vilirudishwa baadaye. Jambo hili linafaa kukumbukwa unaposimama ukingoni mwa maji yale ya kijani, kwa sababu hadithi ya kilichopelekwa ng'ambo ni sehemu ya hadithi ya mahali penyewe.

Jina lenyewe linatokana na maji hayo: Chichén Itzá maana yake ni "kwenye mdomo wa kisima cha Waitza", jamii mojawapo ya Wamaya. Rasi ya Yucatán ni mwamba wa chokaa usio na mito ya juu ya ardhi upande wa kaskazini. Mvua hupenya, hutoboa mwamba, na paa la pango linapoporomoka hubaki senote. Miji mingi ya kaskazini ilijengwa kandokando ya mashimo hayo.

Uxmal haikuwa na bahati hiyo, na hapo ndipo uzuri wake unapoanzia. Imejengwa katika eneo la vilima vya Puuc, ambako maji ya ardhini yako chini mno kufikiwa na hakuna senote jirani. Watu wake waliishi kwa maji ya mvua. Walichimba mabirika ya chini ya ardhi, yanayoitwa chultun, yenye mdomo mwembamba na tumbo pana kama chupa, wakayapiga lipu ndani na kuinamisha sakafu za nyua ili kila tone liingie. Msomaji aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki, ambako nyumba za mawe na misikiti ya kale ilikuwa na birika la kuhifadhia maji, ataifahamu hekima hii bila kufafanuliwa. Na kwa kuwa uhai wote ulitegemea mvua, Chaac, mungu wa mvua, amejaa kwenye kuta: uso wake wenye pua ndefu iliyopinda kama mkonga umepangwa kwenye pembe za majumba, mmoja juu ya mwingine.

Mtindo wa Puuc ni mtindo wa kuta zilizo wazi chini na zilizopambwa juu. Nusu ya chini ni mawe laini yaliyokatwa kwa usawa; nusu ya juu ni mapambo ya maelfu ya vipande vya mawe, kila kimoja kikichongwa peke yake kisha kuunganishwa na vingine kama mkeka unavyosukwa. Jumba la Gavana lina uso wenye urefu wa mita 100 hivi na limesimama juu ya jukwaa pana, kiasi kwamba unaweza kulitazama kutoka mbali na kisha kusogea hatua kwa hatua hadi macho yaanze kutofautisha jiwe na jiwe. Ua wa Watawa, jina lililotolewa na Wahispania kwa kuwa vyumba vyake viliwakumbusha nyumba za masista, una majengo manne yanayozunguka uwanja mmoja, na kila jengo lina pambo lake. Piramidi ya Mchawi, yenye kimo cha mita 35 hivi, ina kitako cha duara-yai badala ya pembe nne, jambo la nadra kabisa katika ujenzi wa Wamaya. Masimulizi ya wenyeji husema kwamba kibete aliyetoka katika yai aliijenga kwa usiku mmoja. Wachunguzi wa mawe wao wanaona awamu tano za ujenzi, moja juu ya nyingine.

UNESCO iliitambua Uxmal mwaka 1996. Idadi ya wageni wake ni sehemu ndogo tu ya ile ya Chichén Itzá, kwa sababu moja iliyo rahisi: iko mbali na hoteli za pwani. Ndani ya Chichén Itzá wachuuzi wamepanga meza zao kwenye njia karibu zote, na filimbi zenye sauti ya chui hulia kutwa. Siwalaumu, maana wengi wao ni Wamaya wa vijiji vya jirani wanaotafuta riziki kwenye ardhi ya mababu zao, na atakayenunua kinyago kwao ametoa fedha mahali panapostahili. Lakini anayetaka utulivu wa kutazama na kufikiri ataupata Uxmal, ambako unaweza kusikia ndege na mijusi mikubwa ikikimbia kwenye majani makavu.

Kwa hiyo tofauti ya msingi kati ya hayo mawili naiona hivi. Chichén Itzá hukupa ukubwa: dola yenye nguvu, uwanja mpana, jengo moja linalojieleza kwa mbali hata kwa mtu asiyejua chochote. Uxmal hukupa mkono wa fundi, na humlipa vizuri zaidi mtu aliye tayari kusimama mbele ya ukuta mmoja kwa robo saa. Kwa macho yangu, Jumba la Gavana ndilo jengo zuri kuliko yote niliyoyataja katika makala hii, pamoja na piramidi ile maarufu.

Kwa upande wa gharama, yote mawili hutoza mara mbili, tiketi ya serikali kuu na tiketi ya jimbo, na mgeni kutoka nje hulipa Chichén Itzá zaidi ya peso 600 kwa jumla. Chukua fedha taslimu hata kama una kadi, kwa kuwa dirisha moja linaweza kukubali kadi na jingine likakataa. Jumapili raia na wakazi wa Meksiko huingia bila kulipa tiketi ya serikali kuu, na foleni hurefuka. Chagua siku nyingine.

Cobá na Tulum: msitu au bahari

Anayelala pwani na asiyetaka safari ndefu hubaki na Cobá na Tulum, na wengi huchagua Tulum kwa sababu ya bahari. Mji huu ulijengwa juu ya jabali la kimo cha mita 12 hivi, ukizungushiwa ukuta pande tatu, na upande wa nne ukaachiwa maji. Ulistawi kati ya karne ya 13 na ya 15, wakati Chichén Itzá na Uxmal zilikuwa zimekwisha kuanguka, na bado ulikuwa na watu Wahispania walipopita pwani hiyo mwaka 1518 katika msafara wa Juan de Grijalva. Ulikuwa bandari ya mitumbwi iliyobeba chumvi, asali, kakao na mawe ya obsidiani ya kutengenezea visu.

Mtu aliyewahi kutembea Gede, karibu na Malindi, atakuwa na macho tofauti hapa. Miji hiyo miwili ilistawi karibu wakati mmoja, ikiwa na bahari mbili kati yake na bila kujuana. Yote miwili ilijizungushia kuta, ikaishi kwa biashara ya majini, na kujengwa kwa mawe yaliyoshikwa kwa chokaa, ya matumbawe kule na ya mwamba huku. Kuchoma mawe ili kupata chokaa ni kazi ile ile, yenye njaa ile ile ya kuni.

Hata hivyo, nikilinganisha Tulum kama gofu na matatu mengine, naliona ndilo jepesi. Majengo ni madogo. Jengo kuu, El Castillo, halifiki hata theluthi ya kimo cha piramidi ya Chichén Itzá. Hekalu la Michoro lina rangi za kale ndani, lakini mgeni hulitazama kutoka nyuma ya kamba. Saa moja na nusu inatosha kwa kila kitu, kivuli ni haba, na kwa kuwa eneo liko karibu na hoteli, umati hauna saa maalumu ya kupungua isipokuwa mapema asubuhi. Tangu eneo lizungushwe na hifadhi mpya ya Jaguar, iliyotangazwa mwaka 2022, malipo ya kuingia yameongezeka na mwendo wa kufika kwenye magofu umerefuka. Kati ya miezi ya Aprili na Agosti mwani wa sargasamu huweza kujaa ufukweni na kuifanya bahari iwe ya kahawia, na aliyekuja kwa ajili ya picha ya maji ya samawati atasikitika. Faida ya Tulum ni urahisi: vibasi vya abiria vinavyoitwa kolektivo hupita barabara kuu kati yake na Playa del Carmen mara kwa mara kwa nauli ndogo, na familia inaweza kutazama asubuhi na kuogelea mchana.

Cobá ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Ulikuwa mji mkubwa uliosambaa kati ya maziwa, na ulikuwa na nguvu hasa kati ya mwaka 600 na 900. Leo sehemu kubwa yake imebaki chini ya miti. Kutoka langoni hadi Nohoch Mul, piramidi yenye kimo cha mita 42, ni mwendo wa kilomita mbili hivi kupitia msituni, na wageni hukodi baiskeli au hupanda guta la magurudumu matatu linaloendeshwa na kijana wa kijijini. Kivuli ni kingi. Njia zenyewe ni sehemu ya urithi: Cobá ilikuwa kitovu cha barabara nyeupe za kale, zinazoitwa sakbe, zilizoinuliwa kwa mawe na kupakwa chokaa, na mojawapo ilinyooka takribani kilomita 100 kuelekea magharibi hadi Yaxuná, si mbali na Chichén Itzá. Barabara ya urefu huo, iliyojengwa na watu wasio na farasi wala gari la magurudumu kwa ajili ya watu waendao kwa miguu, hunigusa kuliko piramidi yoyote. Kando ya njia zimesimama nguzo za mawe zenye maandishi, nyingi zikiwa zimeliwa na mvua, na katika baadhi yake wataalamu wamesoma habari za malkia K'awiil Ajaw, aliyetawala katika karne ya 7 na ambaye anaonyeshwa akiwa amesimama juu ya mateka.

Kwa anayelala pwani, ningeshauri Cobá kabla ya Tulum bila kusita, isipokuwa kama kuna mtoto mdogo sana au mtu ambaye hawezi kukaa kwenye guta. Mapango ya maji ya kuogelea yapo kilomita chache tu kutoka kijijini Cobá, na baada ya joto la mchana hayana mfano. Usijipake mafuta ya kuzuia jua kabla ya kuingia majini. Yanakatazwa kwa kuwa maji hayo yanaungana chini ya ardhi na ndiyo wanayokunywa wenyeji.

Wapo watakaouliza kuhusu gofu la Ek' Balam, kaskazini mwa mji wa Valladolid. Lina ukuta wa lipu iliyofinyangwa, wenye mdomo wa zimwi na watu wenye mabawa, uliohifadhika kwa sababu Wamaya wenyewe waliufukia baada ya kumzika humo mfalme wao Ukit Kan Le'k Tok'. Linafaa sana kwa nusu siku ya mtu aliye Valladolid tayari. Kulifuata kutoka mbali kwa ajili yake peke yake ni vigumu kulitetea.

Mambo yasiyobadilika kwa gofu lolote

Watu wengi bado husafiri wakitarajia kupanda ngazi hadi juu. Chichén Itzá imefungwa kwa wapandaji kwa miaka mingi sasa, Piramidi ya Mchawi ya Uxmal vivyo hivyo, na Cobá, iliyokuwa kimbilio la wapandaji, ilisimamisha upandaji mwaka 2020. Taratibu hubadilika, kwa hiyo uliza kabla ya kuondoka hotelini, lakini usichague gofu kwa matarajio ya kupanda. Mawe hayo yamekanyagwa vya kutosha.

Joto la Yucatán ni la mwamba mweupe unaorudisha jua usoni. Aprili na Mei ndiyo miezi mikali kuliko yote. Mvua hunyesha hasa kuanzia Juni hadi Oktoba, mara nyingi mchana. Na kipindi cha kuanzia Novemba hadi Machi ndicho chema kwa kutembea. Chupa ya maji, kofia yenye ukingo mpana na viatu vilivyofungwa ni vya lazima. Hili pia ni sababu ya kusisitiza asubuhi: mabasi ya watalii kutoka pwani huanza kushusha watu Chichén Itzá kuanzia saa 4 hadi saa 5, wakati jua nalo limepanda, na aliyeingia saa 2 atakuwa amemaliza yale makuu.

Suala la chakula linahitaji neno la wazi kwa wasomaji Waislamu. Chakula kinachosifiwa kuliko vyote huko, cochinita pibil, ni nyama ya nguruwe, na maharage mengi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe hata pale ambapo hakuna nyama inayoonekana. Uliza kuhusu manteca, jina la mafuta hayo kwa Kihispania. Supu ya ndimu, yaani sopa de lima, kwa kawaida hupikwa kwa kuku, na papadzules ni chapati za mahindi zenye mayai na mchuzi wa mbegu za maboga. Suala la kuku aliyechinjwa kihalali hubaki, na wengi huona ni salama zaidi kufuata mayai, samaki na matunda.

Kuhusu kuingia nchini, Meksiko imekuwa ikiwaruhusu bila viza yake wasafiri wenye viza halali ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen, pamoja na wakazi wa kudumu wa nchi hizo. Hilo huwarahisishia sana Watanzania na Wakenya wanaoishi Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Wengine wathibitishe ubalozini mapema.

Chukua mwongozaji. Mara nyingi utampata langoni, na Chichén Itzá na Uxmal hazisemi zenyewe kwa mgeni. Ukiweza, mpate anayezungumza Kimaya. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya watu laki saba na nusu wanaozungumza Kimaya cha Yucatán nchini Meksiko, na kusikia neno Chaac kutoka kinywani mwa mtu ambaye bibi yake aliliita hivyo shambani wakati wa ukame huondoa ile dhana mbaya kwamba Wamaya walitoweka. Miji ndiyo iliyoachwa. Watu wapo, na huenda mmoja wao ndiye anayekuendeshea guta.

Uchaguzi kwa kila aliyelala mahali pake

Uliye Cancún na unayeitaka Chichén Itzá, usinunue ziara ya basi inayopitia duka la zawadi, senote na chakula cha pamoja kabla ya magofu, kwa maana itakufikisha saa 6 mchana. Kodisha gari au shirikianeni kwa teksi, mwondoke saa 12. Treni ya Tren Maya, iliyoanza kubeba abiria Desemba 2023, ina kituo Chichén Itzá, lakini linganisha ratiba yake na saa ya kufunguliwa kwa lango kabla ya kulipa nauli. Njia bora zaidi, kwa mtu anayeweza kuhamisha usiku mmoja tu, ni kulala Valladolid, mji wa kupendeza ulio kilomita 45 hivi kutoka Chichén Itzá na karibu kilomita 60 kutoka Cobá. Aliyelala Valladolid huamka bila haraka na bado huwatangulia watu wa pwani.

Uliye Playa del Carmen au Tulum, nenda Cobá. Gofu la Tulum litazame asubuhi ya siku utakayokuwa na saa mbili za ziada. Uliye na wazee wasioweza kutembea sana, Uxmal ina majukwaa na vipandio vingi, hivyo uwanja tambarare wa Chichén Itzá utawafaa zaidi, mradi mfike mapema.

Na uliye Mérida, ambako watu wengi bado hujilazimisha kwenda Chichén Itzá kwa sababu ya jina, nenda Uxmal. Kodisha gari, kwa kuwa mabasi ya umma ni machache na la kurudi likikupita utakaa barabarani. Ingia saa 2, mpe Jumba la Gavana muda wake, na ufikapo mchana, kama bado una nguvu, endelea kilomita 20 hivi hadi Kabah, ambako uso mzima wa jengo moja umefunikwa kwa zaidi ya nyuso 250 za Chaac, pua kwa pua. Ng'ambo ya barabara ya lami kuna tao la mawe lililosimama peke yake. Hapo ndipo ilipofikia sakbe iliyotoka Uxmal, na kutoka hapo, ukigeuka, ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kurudi Mérida kabla ya giza.